Nguruwe pori shambani: dungu, boma, waya wa sola au kubadili mimea?

Mkulima wa Witu, Hindi au Jilore anayeamka na kukuta safu tatu za mihogo zimelala chini hana haja ya kuelezwa kwamba nguruwe pori ni tatizo. Kinachomsumbua ni ushauri, kwa maana kila jirani ana wake: mmoja atamwambia ajenge dungu akalale shambani, wa pili atamsifia waya wa umeme wa sola, wa tatu atamwambia aachane na mihogo apande simsim. Wote huenda wakawa wasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya shamba lake mwenyewe, na shamba la mtu mwingine lina udongo mwingine, watu wengine na mfuko mwingine.

Hapa ninazilinganisha njia nne ambazo mkulima mdogo wa Lamu ya bara, au wa vijiji vya Malindi vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na mto Sabaki, anaweza kuzifikiria kwa uzito: kulinda usiku, kujenga boma la miti au wavu, kuzungusha waya wa umeme wa sola, na kubadili anachopanda na mahali anapokipanda. Bunduki, sumu na vitanzi nitavigusa mwishoni kwa kifupi, kwa sababu nitakazozieleza.

Kumjua mwizi kwanza

Pesa nyingi hupotea kwa mtu kununua kinga dhidi ya mnyama asiyemsumbua. Nguruwe pori ni mnyama wa usiku anayetembea kwa kundi, na mchana hujificha katika vichaka vinene au matete. Akipita kwenye mihogo huacha ardhi imegeuzwa mabonge mabonge kana kwamba plau imepita, mashina yamelala, mizizi imetafunwa nusu na vipande vimesambaa. Nungunungu naye hula mihogo usiku, lakini yeye huchimba shimo dogo la adabu pembeni mwa shina, na juu ya muhogo ulioachwa utaona michirizi ya meno bapa kana kwamba mtu ameukwangua kwa patasi. Katika mahindi, nguruwe huliangusha shina zima ndipo alitafune hindi pamoja na maganda yake, ilhali nyani huja mchana, huvunja, humenya, huuma mara mbili na kutupa. Ngiri, ambaye wengi humchanganya na nguruwe pori, hutembea mchana, hupiga magoti akila nyasi, na usiku hulala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Walio karibu na Ziwa Kenyatta au Sabaki wanamjua pia kiboko, ambaye njia yake ni pana kama ya mkokoteni na haimhitaji mtu kuikagua mara mbili.

Mjomba wangu wa Witu alikesha wiki nzima akimngoja nguruwe kwa debe na tochi, kumbe aliyekuwa akimmalizia mahindi ni nyani walioingia saa saba mchana, wakati yeye amelala kufidia usingizi. Tulikuja kulijua hilo tulipozunguka shamba alfajiri, umande haujakauka, tukakosa hata unyayo mmoja wa kwato. Nyayo za nguruwe ni za vidole viwili vikubwa mbele, na kwenye udongo laini huonekana na vidole vidogo viwili nyuma yake. Ukizikosa kwa siku tatu mfululizo, usinunue chochote.

Mgeni kwingine, mwenyeji kwetu

Habari nyingi zinazosambaa kuhusu kuongezeka kwa nguruwe mwitu zinamhusu mnyama wa jamii moja na huyu wetu lakini wa aina nyingine, yaani nguruwe mwitu wa Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini, anayeitwa na wanasayansi Sus scrofa, ambaye ndiye pia asili ya nguruwe wa kufugwa. Nchini Marekani hakuwapo kabisa. Waspania ndio waliopeleka nguruwe huko, na mmoja wao, Hernando de Soto, alishuka Florida mwaka 1539 na kundi la nguruwe wa chakula cha safari. Waliotoroka wakawa pori, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu walioletwa kwa ajili ya uwindaji, na leo idadi yao hukadiriwa kuwa milioni 6 hivi, na hasara wanayoisababisha zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Jike wa aina hiyo anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka mmoja, huzaa watoto wanne hadi sita kwa kawaida, na mwaka ukiwa wa neema huzaa mara mbili. Huko hufukua viota vya kasa, huchafua mabwawa na hula matunda ya misitu ambayo hayakuwahi kumjua mnyama kama yeye.

Wetu ni Potamochoerus larvatus, na hapa ni kwao. Uzito wake ni kati ya kilo 55 na 115, huzaa watoto watatu au wanne kwa kawaida, na msituni ana kazi yake: anatifua ardhi, anakula funza, matunda yaliyoanguka na mizoga, naye mwenyewe ni kitoweo cha chui. Kwa hiyo mkulima wa huku hapambani na mvamizi aliyeletwa kwa meli. Anapambana na mwenyeji ambaye mipaka yake imevurugwa. Msitu unapokatwa vipande, kila kipande hupakana na shamba, na nguruwe anapata vitu viwili ambavyo zamani havikuwa jirani, kichaka cha kujificha mchana na mahindi ya kula usiku. Chui akipungua, anayemla hayupo. Tena katika vijiji vya Waislamu nyama yake ni haramu, hivyo hata miaka ile sheria ilipokuwa nyepesi hakuna aliyekuwa na hamu ya kumwinda.

Jambo moja linalotuunganisha na wakulima wa Ulaya ni ugonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, katika maandishi ya Montgomery ya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa kufugwa wa walowezi kufa kwa wingi. Ngiri na nguruwe pori huweza kubeba virusi vyake bila kuugua, na kupe laini wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri huviambukiza. Mwaka 2007 ugonjwa huo ulifika Georgia, ukasambaa Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 ukaingia China. Haumwambukizi binadamu, lakini nguruwe wa kufugwa akiupata ni nadra kupona. Ninaurudia chini kwa ajili ya wale wanaofuga nguruwe Mpeketoni na kwingineko.

Vipimo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale: pesa za kuanzia, kazi na usingizi inaoutaka, inamzuia nani na kwa muda gani, inavumilia vipi mchanga, chumvi na mchwa wa pwani, na inaufanya nini msitu na jirani. Katika haya yote, la pili ndilo ninaloona watu hulisahau. Usiku wa mtu hauandikwi kwenye daftari la gharama, kwa hiyo kulinda huonekana ni bure na waya huonekana ni ghali, kabla hata hesabu haijafanywa.

Kulinda usiku

Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, lenye paa la makuti, na mlinzi hukaa humo na debe, tochi, kombeo na pengine moto chini. Pesa za kuanzia ni chache mno, kwa kuwa miti na makuti hupatikana karibu. Hii ndiyo sifa yake kubwa, pamoja na kwamba dungu moja humhudumia mkulima dhidi ya wanyama wote, maana anayepiga debe humfukuza nguruwe, nungunungu na hata mwizi wa miguu miwili.

Tuhesabu usingizi sasa. Mahindi ya pwani, mfano mbegu za PH1 na PH4, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, na hatari kubwa huanza punje zinapojaa maziwa hadi siku ya kuvuna. Tukisema ni usiku arubaini wa saa kumi kumi, hizo ni saa mia nne kwa msimu mmoja, na wa kuzikalia ni baba ambaye kesho yake ana kazi ya kutwa, au kijana ambaye kesho yake ana shule. Kwa mahindi, watu wawili wakipokezana, saa hizo zinavumilika. Kwa mihogo hazivumiliki hata kidogo, kwa sababu muhogo hukaa ardhini miezi tisa hadi kumi na miwili na mizizi yake huanza kumvutia nguruwe mapema. Sijapata kumwona mtu aliyelinda mihogo mwaka mzima. Niliowaona ni walioanza kwa bidii, wakachoka mwezi wa tatu, nguruwe akaja mwezi wa nne.

Kuna na hatari za dungu lenyewe: mbu, moma aliyejilaza kwenye njia ya kuendea haja, na mvua ya masika ipigayo ubavuni. Lamu ina jambo lake zaidi, kwani tangu 2014 sehemu za kaunti zimewekewa kafyu mara kadhaa, na mtu peke yake porini na tochi saa nane za usiku hujitia mashakani kwa namna ambayo hakuna gunia la mahindi linaloweza kuifidia. Isitoshe, nguruwe hujifunza. Debe lipigwalo kwa mpangilio ule ule kila usiku humzoesha. Atakaa ukingoni mwa kichaka mpaka asikie mlinzi anakoroma. Waliofanikiwa hubadilisha mlio, hubadilisha mahali pa moto, na hushuka kutembea.

Kwa upande wa msitu, kulinda hakumdhuru mnyama wala hakumfungii njia. Kwa upande wa jirani, hufaa sana mashamba yakiwa yamepakana na zamu zikiwa za pamoja, la sivyo nguruwe aliyefukuzwa hapa huhamia kwa jirani aliyelala. Njia hii yamfaa mwenye mahindi au karanga za msimu mfupi, mwenye watu wa kupokezana, na asiye na akiba ya kununua waya mwaka huu.

Boma la miti, mimea hai au wavu

Boma lina sura nyingi, kuanzia miiba iliyorundikwa, ua wa mkonge au mnyaa, fito zilizosongamana, hadi wavu wa chuma kwenye nguzo. Gharama hutofautiana kwa kadiri hiyo. Miiba ni jasho tu. Wavu ni ghali kuliko njia zote nne. Kwa vyovyote vile, udhaifu wa boma huwa chini. Nguruwe si mrukaji hodari, bali ana pua ya kufukulia na shingo nene, na pua hiyo ikipata upenyo wa kiganja kimoja chini ya wavu huunyanyua mpaka ukawa mlango, na kundi zima likapita. Ndiyo maana wavu unaozuia nguruwe huzikwa sentimita 30 hivi, au hufungiwa uzi wa seng'enge unaogusa ardhi. Denmark ilipomaliza mwaka 2019 uzio wa takriban kilomita 70 mpakani na Ujerumani kwa hofu ya ile homa, uzio huo ulikuwa na kimo cha mita moja na nusu tu juu ya ardhi, lakini sehemu yake ya chini ilizikwa. Ukimwona fundi anajisifia kimo cha uzio wake bila kusema neno juu ya chini yake, huyo amezoea kuzuia mbuzi.

Kwenye mazingira yetu adui wa boma ni mchwa na chumvi. Nguzo ya mvinje isiyotiwa dawa au mafuta machafu huliwa na mchwa upesi, boriti ya mkoko hudumu zaidi lakini ukataji wake unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, na wavu wa bei ya chini karibu na bahari huwa kutu unayoweza kuivunja kwa vidole. Ua hai hauna shida hizo. Mkonge au mnyaa uliopandwa kwa safu mbili hushonana na kuwa ukuta, na mnyaa una utomvu unaochoma macho ambao hata ng'ombe hauchezei. Tatizo lake ni subira, maana utaungoja miaka miwili au mitatu, na katika miaka hiyo kila pengo la mche uliokufa ni lango.

Mtaro uliochimbwa kuzunguka shamba huhesabiwa na baadhi ya watu kama boma. Kwenye udongo mfinyanzi unaweza kufaa ukiwa na kina cha zaidi ya mita moja na kingo zilizosimama. Kwenye mchanga wa Malindi kingo huporomoka mvua ya kwanza, maji hutuama, na mtoto au ndama akatumbukia. Siupendekezi.

Boma hulinda mchana na usiku, mwaka mzima, na hii ndiyo sababu huifaa mihogo kuliko dungu. Halimzuii nyani, ambaye hupanda, wala tembo, ambaye hupita. Lawama lake kubwa kimazingira ni kukata fito msituni. Boma la fito la ekari moja linaweza kula miti mingi kuliko nguruwe atakayoing'oa maisha yake yote. Lamfaa mwenye kishamba cha karibu na nyumba, hasa bustani na mihogo ya chakula, na mwenye nafasi ya kupanda ua leo kwa ajili ya miaka ijayo.

Waya wa umeme wa sola

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu hutumia pesa nyingi na ndipo hukosea zaidi. Paneli ya sola huchaji betri, betri huendesha mashine inayorusha mshtuko mfupi kwenye waya kila baada ya sekunde moja hivi, na mnyama anayegusa waya huku amekanyaga ardhi hukamilisha mzunguko. Mshtuko huo huuma bila kuua. Nguruwe kwa kawaida hukigusa kitu kigeni kwa pua, pua yenyewe ni ya maji maji, na kwa hiyo fundisho humwingia vizuri kuliko mnyama mwingine yeyote wa kimo chake. Nyaya mbili au tatu hutosha, wa chini kabisa ukiwa sentimita 20 hivi kutoka ardhini na wa pili kwenye 45. Uzio wa umeme wa tembo wenye nyaya za juu unaweza kupitwa na nguruwe chini bila hata masikio yake kuguswa, hivyo aliye jirani na uzio wa namna hiyo asidhani tayari amekingwa.

Kosa la kwanza la pwani ni ardhi kavu. Mshtuko hurudi kwenye mashine kupitia udongo na chuma kilichopigiliwa chini, na mchanga mkavu wa kiangazi cha kaskazi hauupitishi vizuri, kwa hiyo waya unaofanya kazi barabara mwezi wa Mei unaweza kuwa kamba ya kuanikia nguo mwezi wa Februari. Dawa yake ni kupigilia vyuma vitatu au zaidi badala ya kimoja, kuviweka mahali penye unyevu kama chini ya mfereji wa maji ya kuogea, au kuunganisha waya mmoja kati ya ile mitatu na chuma cha ardhini ili mnyama agusapo viwili kwa pamoja apigwe hata akiwa amekanyaga mchanga mkavu. Kosa la pili ni majani. Jani bichi likigusa waya huuvujisha umeme, na katika masika majani hayangoji Jumamosi. Anayeweka waya amejiandikisha kufyeka mstari wa chini yake kila wiki mbili, na asiyeweza kufyeka asinunue.

Hesabu ya gharama ina mafumbo yanayopendeza. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita 254. Majirani wanne wenye ekari moja moja, kila mmoja akizungushia lake, watahitaji mita 1,016 kwa jumla. Wakizungushia ekari zote nne kwa pamoja, mzunguko ni mita 509 tu. Kwa nyaya mbili hiyo ni mita 1,018 za waya badala ya 2,032, na kwa nguzo moja kila mita tano ni nguzo 102 badala ya 204. Juu ya hayo, mashine ni moja, betri ni moja, paneli ni moja. Sioni sababu ya mtu mwenye ekari moja kununua mashine peke yake ikiwa ana majirani wanaozungumza naye. Ugumu ni kwamba kufyeka pia kunakuwa kwa pamoja, na yule mmoja asiyefyeka upande wake huwazimia wote.

Betri na paneli ni vitu vinavyoibika, na vishikizi vya plastiki visivyopitisha umeme huliwa na jua, kwa hiyo mwenye waya awe na vya akiba. Kwa msitu, waya huu ni mpole kuliko boma la fito, ingawa kobe akigusa uzi wa chini hujificha ndani ya gamba badala ya kuondoka na anaweza kupigwa mpaka akafa. Anayeona kobe shambani auinue uzi huo kidogo na autazame kila asubuhi. Njia hii inawafaa wenye ekari tatu kwenda juu, au kikundi, wenye mimea ya thamani kama matikiti au mihogo ya kuuza, na mtu wa kuutunza waya kila siku.

Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya, inayosifiwa sana, ilibuniwa kwa ajili ya tembo na imefanya kazi nzuri Sagalla, Taita. Kwa nguruwe anayekuja usiku, nyuki wakiwa wametulia mzingani, usiinunue kama kinga. Inunue kwa asali.

Kubadili mimea na mpango wa shamba

Nguruwe hupenda mihogo, viazi vitamu, mahindi na karanga. Simsim na pamba, ambazo Lamu ya bara inazilima tangu zamani, hazimvutii hivyo, wala pilipili. Kuna na mihogo michungu, ambayo sumu ya sianidi iliyomo huwakinaisha wanyama, na sehemu nyingi za Afrika wakulima huipanda makusudi kwa sababu hiyo. Lakini mihogo hiyo hailiwi ikichemshwa tu. Sharti imenywe, ilowekwe siku kadhaa, ianikwe na kusagwa, na asiye na mazoea nayo asiilete nyumbani kwenye watoto wanaochomoa muhogo shambani na kuutafuna mbichi.

Gharama ya kuanzia ni ndogo, usingizi ni kamili, na chumvi wala mchwa havina neno. Bei hulipwa mahali pengine: simsim na pamba haviliwi kwa ugali, na mwaka bei ikianguka mkulima ananunua unga dukani kwa pesa asizonazo. Ndiyo maana njia hii hufaa zaidi ikipangwa kwa ramani kuliko ikipangwa kwa mbegu pekee. Mimea isiyopendwa huwekwa upande wa kichaka, ile inayopendwa huwekwa upande wa nyumba, na kati ya shamba na kichaka hufyekwa ukanda mweupe wa hatua ishirini au thelathini, kwa sababu nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Ukanda huo ufyekwe kwenye shamba lako, usiukate msitu wa hifadhi. Njia hii inamfaa mwenye nafasi ya kugawa shamba na mwenye soko la uhakika la simsim au pamba, na hukamilisha njia nyingine yoyote uliyoichagua.

Bunduki, sumu na vitanzi

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamkataza mtu kuua mnyama pori bila idhini. Anayesumbuliwa kupita kiasi anaripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na maofisa wake ndio wanaoamua la kufanya. Sheria hiyo ina jedwali la wanyama ambao hasara yao hulipiwa fidia, na si kila mnyama na kila hasara imo, hivyo uliza kabla ya kuitegemea na upige picha za uharibifu siku hiyo hiyo.

Hata tukiiweka sheria kando, Marekani imejifunza kwamba kumpiga nguruwe mmoja mmoja hulitawanya kundi na kulifundisha werevu. Wenye mafanikio huko hulinasa kundi zima kwa mtego mmoja. Kitanzi hakichagui. Huku kwetu kinaweza kumnasa paa nunga, ambaye ni adimu duniani na yumo Arabuko-Sokoke na misitu ya Boni na Dodori. Sumu hupita kutoka mzoga hadi kwa tai na mbwa wa jirani. Halafu kuna swali ambalo wenye mitego hawalifikirii mpaka asubuhi: nguruwe mzito amekufa katikati ya shamba la Mwislamu, ni nani atakayemgusa kumwondoa? Nimeshuhudia mzoga ukikaa siku mbili watu wakitazamana.

Kwa hali yako

Ukiwa na mahindi peke yake, ekari moja au mbili, na vijana wawili wa kupokezana, anza na dungu msimu huu, na mpange zamu na majirani ili asiyelinda asiwe mlango. Ukiwa sehemu yenye kafyu au wasiwasi wa usalama, dungu liondoe kwenye hesabu kabisa.

Ukiwa na mihogo ya kula tu, robo ekari hivi, isogeze nyuma ya nyumba na uizungushie wavu uliozikwa, huku ukipanda mkonge nje yake utakaorithi kazi wavu utakapooza.

Mkiwa majirani wanne au watano mliopakana, mnaouza matikiti, mihogo au mahindi mabichi, waya wa sola wa pamoja ndio utakaowarudishia pesa upesi, kwa masharti kwamba mmekubaliana kwa maandishi nani anafyeka wapi, na vyuma vya ardhini vimepigiliwa mahali penye unyevu. Mjaribu kwa kipimo cha umeme wa uzio mwezi wa Februari, msimwamini fundi aliyewajaribia mwezi wa Mei.

Ukiwa na shamba kubwa linalogusa msitu, na soko la simsim au pamba, tanguliza mpango wa shamba, kisha uzungushie waya kile kipande cha chakula pekee.

Ukifuga nguruwe, hesabu yako haifanani na ya wengine. Banda lako lifungwe kwa ukuta au uzio wa tabaka mbili ili nguruwe pori asigusane pua na wako, usiwalishe mabaki ya nyama, na usiliweke banda karibu na mashimo ya ngiri.

Na mama mzee anayelima peke yake, ambaye hawezi kukesha wala kufyeka mstari wa waya kila wiki mbili, apande simsim upande wa kichaka na kunde karibu na mlango, auze simsim anunue muhogo wa jirani, na usiku alale.